Njia ya Matangini

Jumatatu, 4 Machi

Fundi ameniambia niwe na daftari la gari. Kila siku niandike kilomita, maji, oili, na jambo lolote ambalo gari limelifanya leo na jana halikulifanya. Anasema gari lililotumika limeshalelewa na watu wengine, lina tabia zao, na ukizijua mapema hamtagombana. Nimenunua daftari nene. Muuza duka aliuliza kama ni la mwanafunzi, nikasema ni la gari, akanipa chenji bila kunitazama tena usoni.

Kilomita 141,306. Maji kamili. Oili kamili. Mlango wa nyuma haukai juu.

Jumanne, 5 Machi

141,315. Hakuna jipya.

Alhamisi, 7 Machi

141,334. Mlango wa nyuma umenipiga kisogoni nikitoa mfuko wa sabuni. Ni ule mpana wenye kioo, unaofunguka kwenda juu, na vyuma viwili vya kuushikilia vimechoka. Fundi anasema ataagiza vipya, na kuagiza kwake nimeshakujua. Nimekata mpini wa ufagio kwa msumeno, kipimo cha kutoka sakafu ya buti mpaka kwenye kitasa, na sasa nausimamisha kwa huo. Kazini wamecheka mpaka machozi. Mimi ni mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali. Naitwa Mama Shuka mbele ya uso wangu, na nikiwapa kisogo sijui naitwaje. Bi Pasi, anayesimamia mashine ya kunyoosha, aliniuliza mtu mmoja anataka la nini gari la familia. Nilimjibu nataka pa kuweka sabuni.

Aliyeniuzia ni baba mwenye watoto watatu. Alipokuwa ananikabidhi funguo aliniuliza wangu ni wangapi. Sina mtoto, na mume aliondoka zamani kwa miguu yake mwenyewe. Naishi kwenye nyumba ya mama. Mama hayupo. Nina mdogo wangu mmoja wa kike, na huu ni mwaka wa tatu hatusemeshani. Hayo sikumwambia. Nilimwambia watatosha humo.

Chini ya kiti cha nyuma nimekuta soksi moja ya mtoto. Nimeifua. Iko kwenye kamba peke yake, na sijui nimeifua kwa ajili ya nani.

Jumapili, 10 Machi

141,352. Mvua ya kwanza. Maji yanaingia kwenye kona ya kushoto ya buti, tone moja kila nikikanyaga breki. Nimetandika taulo la hospitali lililokwisha kuandikwa kuwa limechakaa.

Shangazi amekuja. Ndiye anayepita kati yangu na mdogo wangu, kwa salamu na kwa habari, na goti lake bovu halimzuii. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke dogo, akakaa kiti cha mbele bila kukaribishwa. Ndipo akasema.

"Mdogo wako amepata uhamisho. Shule ya mbali, safari ya siku mbili. Mwisho wa mwezi wa tano anaondoka."

Nikamwuliza kama ametumwa aniambie.

"Sikutumwa. Mimi si barua."

Niandike hapa kisa, maana daftari ni langu. Mama alipokuwa mgonjwa nilimtunza miezi kumi na mmoja. Mdogo wangu alikuwa akija mwisho wa juma. Wiki ya mwisho alikaa naye usiku mara mbili mfululizo, na Jumapili asubuhi nikamwambia nenda kwako kaoge, ukalale, kukiwa na lolote nitakupigia. Akaenda. Mvua ikanyesha vibaya, daraja la chini likafungwa, na saa kumi kasoro dakika kumi mama akafa. Nilipiga saa kumi na robo. Siku ya mazishi aliniuliza mbele za watu kwa nini sikumwita. Nilimjibu: ningekuita uje na nini? Daraja limefungwa, magari ya abiria yamesimama, ungepita wapi? Akasema ningetembea. Nikamwambia usitie chumvi, kwako ni mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Tangu siku hiyo amekata mazungumzo nami.

Hakukuwa na njia. Nimelisema hilo miaka mitatu, kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza.

Jumatatu, 11 Machi

141,361. Mvua. Limekataa kuwaka mara mbili, ya tatu likakubali.

Alhamisi, 14 Machi

141,394. Nimempa lifti Bi Pasi. Alikaa nyuma, eti mbele kuna begi langu. Tulipofika kwake nikazima gari nikamngoja ashuke, naye akabaki ameketi. Nikadhani ana la kuniambia. Kumbe mlango haufunguki kwa ndani. Wale wenye watoto walikuwa wameifunga milango ya nyuma ili watoto wasijimwage barabarani. Mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye wajukuu, ameketi mikono mapajani anaona haya kusema amefungiwa. Tulicheka mpaka jirani yake akachungulia. Sijacheka hivyo tangu sijui lini, na nilipobaki peke yangu njiani nikasikia ukimya wa gari kuliko siku nyingine.

Anakaa Matangini, kule juu kwenye matangi ya maji ya mji. Aliponiaga alinyoosha mkono akasema barabara hii ya vumbi ukiifuata inazunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, inatokea ile shule anayofundisha mdogo wako, haigusi daraja. Nilijitia hamnazo. Nikamwuliza habari ya sabuni.

Jumamosi, 16 Machi

141,412. Oili imepungua kidogo. Nimeongeza.

Jumapili, 24 Machi

141,480. Nimeliosha ndani na nje. Kwenye kioo cha nyuma kuna stika ya twiga waliyojaribu kuibandua, imebaki shingo. Nimeiacha.

Siku nzima sikuzungumza na mtu. Mchana nilikwenda sokoni kwa gari. Dakika nne. Nilikuwa nikitembea dakika ishirini na tano na kikapu kichwani, nikifika nimechoka na nina la kusimulia. Sasa nafika sina jasho wala habari. Posta dakika sita. Kazini dakika kumi na mbili, na basi lilikuwa linakula dakika hamsini kwa sababu linashuka mjini kwanza. Mji huu ni mdogo. Nimeishi humu maisha yangu yote nikidhani ni mkubwa, kumbe ni basi lilikuwa linanizungusha.

Nimeketi garini nje ya nyumba mpaka mvua ikapungua. Viti vinne vitupu nyuma yangu na pembeni yangu. Jikoni kuna kiti kimoja tu kitupu, ni afadhali.

Jumatano, 3 Aprili

141,566. Kwenye foleni ya daraja la chini mshale wa joto umepanda hadi kwenye mstari mwekundu. Moshi, honi, watu wananikata jicho. Fundi alipokuja alisema feni inayopoza injini imechoka. Nikienda kasi, upepo unanisaidia. Nikienda polepole muda mrefu, litachemka. Akanifundisha: ukinaswa, washa hita ya ndani mpaka mwisho na ushushe vioo vyote. Joto la injini litakuja kwako badala ya kubaki huko.

"Utaungua wewe, mama, lakini gari litapona," alisema.

Nikamwambia ameeleza maisha yangu. Hakucheka, akaniuliza kama nina mtu nyumbani wa kunifungulia geti. Watu wanauliza maswali yao bila nia mbaya.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. 141,575.

Jumapili, 7 Aprili

141,597. Mvua. Shangazi anasema mdogo wangu ameanza kufunga vitabu kwenye maboksi. Nilimwambia amsalimie. Akasema salamu zangu anazipeleka kila wiki, kila wiki zinapokelewa, na kila wiki ni zile zile.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo mama ametimiza miaka mitatu.

Niliomba ruhusa ya kutoka kazini saa saba. Mvua ilikuwa imeanza asubuhi, ile ya kukaa, na saa saba mlinzi wa hospitali akasema daraja la chini wamelifunga. Bi Pasi akasema vaa kitu kizito. Nilikwenda nyumbani, nikaketi kitandani kwa mama, nikaona siwezi kukaa. Nikatoka.

Gari lina namba ndogo za kilomita chini ya zile kubwa, kijiti kimoja ukikibonyeza zinarudi sifuri. Saa nane na dakika tano nilikibonyeza. Nilisubiri saa hiyo makusudi, injini ikiwaka, waipa zikifuta. Nikapanda kuelekea Matangini.

Njia ile ni mbaya. Kuna mahali matofali mabovu yamemwagwa kwenye mashimo, gari linaruka kama linapigwa. Nilikwenda gia ya pili njia nzima. Kwenye matangi niliona mwanamke mmoja anatembea na mwavuli, sketi ameipandisha mpaka magotini, anakwenda tu bila haraka, na nikamchukia mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona. Nilipita kiwanda. Nilipita uwanja wa mpira uliojaa maji. Halafu ukuta wa shule ukatokea ghafla upande wa kulia, na nyuma yake nyumba za walimu, na mlango wa tatu ni wa mdogo wangu. Sikuwa nimekaa kitini nikatulia. Sikuwa nimemaliza kufikiri jambo hata moja.

Dakika kumi na tisa. Kilomita sita na nukta mbili.

Nilizima gari. Nilimwona. Alitoka akatega ndoo chini ya bomba la paa, akaisogeza kwa mguu mpaka ikakaa sawa, vile vile alivyokuwa akifanya mama, akaingia ndani. Hakutazama barabarani. Kioo kilijaa mvuke wa pumzi yangu nikawa simwoni tena.

Kilomita sita mtu mwenye miguu mizima anatembea saa moja na robo. Tuseme na mvua, saa moja na nusu, na yule ni mwepesi, angekimbia. Mimi niliona mama anapumua vingine saa nane na dakika tano, taarifa ya habari ilikuwa imetoka kwisha redioni. Alikufa saa kumi kasoro dakika kumi. Hiyo ni saa moja na dakika arobaini na tano.

Kulikuwa na njia.

141,702 wakati narudi. Sikumbuki nilivyorudi.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikuandika kilomita.

Jumapili, 21 Aprili

141,719. Nimeandika nusu, sasa niandike nusu nyingine, kisha nilifiche daftari hili chini ya kiti.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshafungua namba yake. Mama alifumbua macho akauliza, "Kafika?" Hakutaja jina, hakuhitaji. Miezi kumi na mmoja nimemgeuza, nimemlisha, nimemfulia, na mdogo wangu akija Jumamosi na vichekesho vyake vya shuleni mama anacheka mpaka anashika mbavu, mimi niko jikoni napasha maji. Nilimpenda mdogo wangu na nilimwonea wivu, yote mawili kwa wakati mmoja, na siku ile nilitaka mara moja tu mama awe wangu. Niliizima simu. Nikasema, "Yuko njiani, mama."

Akatulia. Baada ya kitambo akauliza tena, "Anapita wapi? Daraja si limefungwa?" Alikuwa anasikia mvua.

Nikasema, "Anapita njia ya juu. Ya Matangini."

Mimi mwenyewe niliitaja. Kisha nikasimama mbele ya watu nikasema hakuna njia.

Mama akasema, "Hiyo si mbali." Akageuza uso kuutazama mlango. Hakusema neno lingine. Alingoja, nami nilimshika mkono huku namwona anavyongoja.

Nilinunua gari la watu watano nikajiambia ni kwa sababu ya matope ya kituo cha basi.

Jumatatu, 29 Aprili

141,790. Maji yamepungua kwenye rejeta. Nimeongeza.

Jumapili, 5 Mei

141,841. Nilimwomba shangazi amwambie mdogo wangu nina neno. Aliuliza neno gani. Nilipoanza kueleza alinikatiza. Alisema salamu anabeba, ugonjwa anabeba, hata matusi amewahi kubeba akiwa kijana. "Lakini hilo liko usoni mwako tangu nilipoingia. Hilo halipiti kwangu." Akaomba nimrudishe nyumbani. Njia nzima alikuwa anashika goti lake.

Nilikuwa nikidhani shangazi ni mmbeya mwenye miguu. Nilikosea.

Jumatatu, 6 Mei

141,850. Nimepiga simu. Haikupokelewa.

Jumanne, 7 Mei

141,859. Nimepiga. Haikupokelewa.

Ijumaa, 10 Mei

141,899. Nimepita njia ya juu baada ya kazi. Nikaegesha ng'ambo ya shule. Wanafunzi walikuwa wanatoka. Mlinzi alikuja akainama dirishani, maji yanamdondoka kwenye kofia, akalitazama gari, akaitazama ile shingo ya twiga, akasema kwa upole, "Unamsubiri mtoto, mama?"

Nikasema ndiyo.

Akasema nisogee mbele kidogo, wazazi wote wanasubiri pale. Nikasogea. Nimekaa kwenye foleni ya wazazi mpaka gari la mwisho likaondoka. Mdogo wangu hakutoka kwa upande ule.

Jumatano, 15 Mei

141,944. Mvua inapungua. Bi Pasi amegundua kwamba sili mchana. Sasa ananigawia chakula chake bila kuniuliza, anakiweka juu ya rundo la foronya na kuondoka.

Jumatano, 22 Mei

142,010. Shangazi amepiga. Anataka gari Jumamosi, ana mizigo kidogo ya kupelekwa stoo ya malori. Nilimwuliza mizigo gani mtu wa umri wake. Akasema nilaze viti vya nyuma na nisimchoshe.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika hili Jumamosi hii hii, nguo zangu hazijakauka.

Nilifika kwa shangazi saa tatu. Alikuwa mlangoni, amekaa, mguu juu ya kigoda. Akasema mizigo haiko hapa, iko kwa mwenyewe, na goti leo limekataa. Nilielewa. Nilisimama pale na funguo mkononi, na yeye hakunisaidia hata kwa kukonyeza. Nikaenda.

Mdogo wangu alifungua mlango akaniona. Uso mkavu. Amekonda, na ana mvi upande mmoja. Nilisema nimetumwa na shangazi kubeba mizigo. Akatazama nyuma yangu, akaliona gari, viti vimelazwa, mpini wa ufagio umesimama. Akasema maboksi yako hapa.

Tulibeba. Vitabu, vyombo, pasi, jiko, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Yeye anatoa, mimi napanga. Hatukusema kitu ila "hili kwanza" na "angalia mguu." Mara mbili alisema asante kama anavyomwambia mchukuzi. Lilipobaki boksi moja mvua ikashuka ghafla, na ikawa ya kutosha kufukuza kuku wa jirani. Mimi nilikuwa chini ya ule mlango wa nyuma. Yeye alikuwa katikati na boksi kifuani, nyumbani mbali kuliko garini, akakimbilia garini. Tukawa tumekaa wawili kwenye ukingo wa buti, magoti yetu nje yanalowa, mlango juu yetu kama paa, na ule mpini kati yake na mimi.

Nilimpa taulo. Akafuta boksi, hakufuta nywele.

Nikasema, "Nilikudanganya. Kulikuwa na njia."

Hakunitazama. Akasema, "Endelea."

Nikasema yote. Simu mkononi, saa nane na dakika tano, alivyouliza mama, nilivyojibu. Nikamwambia nilitaja njia mwenyewe. Nikamwambia mama alivyosema hiyo si mbali. Nikamwambia nimepima kwa gari siku ile ile, saa ile ile, kilomita sita na nukta mbili. Nikamwambia, na hili ndilo lililokuwa gumu, kwamba sikufanya hivyo kwa kumhurumia alale. Nilimtaka mama peke yangu.

Maji yalikuwa yanaanguka kwenye ukingo wa mlango mbele ya nyuso zetu.

"Alikuwa na maumivu?"

"Hapana. Alikuwa anangoja."

"Alitazama wapi?"

"Mlangoni."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza jibu la mwanafunzi. Halafu akasimama, akaingia mvuani, akaushika mlango kwa mkono mmoja na kwa mwingine akautoa mpini, akaniwekea mapajani. Akasubiri nitoke chini yake. Nikatoka. Akaufunga.

"Unakwenda nyumbani?" aliuliza.

"Nikupeleke kwanza stoo."

"Sikuuliza stoo."

Nikamwambia basi apande, mvua hii. Akavua viatu akaviweka juu ya paa la gari, akaviona vinalowa, akavichukua tena mkononi.

"Mimi natembea," alisema. "Wewe nifuate."

Akashika njia ya juu.

Nilimfuata gia ya kwanza, mguu kwenye klachi, taa zote zinawaka na kuzimika. Gari limejaa maboksi mpaka darini, sioni nyuma, naona mgongo wake tu. Alikuwa anatembea haraka. Kwenye uwanja wa mpira mshale wa joto ulianza kupanda. Nikawasha hita mpaka mwisho, nikashusha vioo vyote, joto likanijia miguuni na usoni na mvua ikaniingia mabegani. Nilikuwa naungua upande mmoja na kuganda upande mwingine. Kwenye matofali aliteleza akapiga goti. Nilifungua mlango nishuke. Aliinua mkono bila kugeuka, nikarudi ndani. Matangini Bi Pasi alikuwa barazani kwake. Alisimama, akatutazama, mmoja mguu peku mbele na mwingine garini nyuma, na mwanamke yule ambaye huuliza kila kitu hakuuliza. Alikaa chini akageuza kiti chake upande mwingine.

Sikulia kabla ya hapo. Kutoka Matangini hadi nyumbani nililia, waipa zikifuta kioo na mimi sijui nifute nini.

Alifika mlangoni kwa mama baada ya dakika sabini na mbili. Niliangalia saa, sikuweza kujizuia, na nikaona na yeye anaangalia yake.

Nikafungua. Alijua chumba kilipo. Alisimama pale mbele ya kitanda, maji yanamdondoka sakafuni.

"Alilala upande gani?"

"Ukutani. Ili auone mlango."

Akavuta kiti. Kilikuwa kiti changu cha miezi kumi na mmoja. Akakaa, akaweka kiganja juu ya shuka mahali ambapo mkono wa mama ungekuwa. Mimi nimesimama mlangoni.

"Sasa toka kidogo," alisema. "Tuache."

Nikatoka. Nilikwenda kukaa garini. Injini ilikuwa bado inatoa milio midogo ya kupoa. Nilikaa humo muda ule wote aliotaka, sikuchungulia dirishani, sikugonga mlango, sikumpelekea maji wala taulo. Lilikuwa jambo gumu kuliko kusema.

Alipotoka nilimfungulia mlango wa mbele. Akaupita, akafungua wa nyuma, akayasukuma maboksi kidogo akainua kiti kimoja, akajibana hapo. Nilimrudisha kwake kwa njia ile ile, dakika kumi na tisa. Nilipozima gari alibaki ameketi. Nikakumbuka mlango. Nikashuka kumfungulia.

"Linafunga watu," alisema.

Nikamwambia ni kwa ajili ya watoto.

Jumapili, 26 Mei

142,071. Nimepeleka mizigo stoo peke yangu. Wapagazi waliuliza mpini wa nini, nikawaonyesha.

Jumanne, 28 Mei

142,089. Ameondoka na basi la asubuhi. Sikuambiwa nije kumsindikiza, sikwenda. Nilikuwa kazini, tulikuwa na shuka mia nne za wodi mpya. Mvua hakuna. Fundi ameleta vile vyuma vya mlango wa nyuma, amevifunga, sasa unasimama wenyewe. Nilimwambia mpini asiutupe.

Jumatano, 29 Mei

142,098. Maji kamili. Oili kamili.

Shangazi amepiga mchana kuuliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia mimi ndiye wa kumuuliza yeye. Akasema hana habari, na kwa mara ya kwanza naamini kwamba hana.

Nimerudi kutoka kazini nikakaa garini nje ya nyumba, jua linakwenda kuzama, vioo vimeshuka. Simu ilitoa mlio wa ujumbe. Ilikuwa namba yake, ile niliyoifungua siku ile nisiipige, na sijawahi kuifuta. Aliandika neno moja.

Nimefika.